Neno Nililoandika Juu ya Mama Ngoie

Mwanangu, iko Jumanne moja ambayo miaka yote hii haijanitoka kichwani. Leo nataka nikusimulie, kwa kuwa nimesikia umefanywa mkubwa wa biro, wa ofisi nzima, na chini yako umepewa watu tisa. Nimefurahi sana. Lakini jana nilisikia pia namna ulivyokuwa ukimsema mmoja wao, na sauti ile uliyomsemea naijua. Ilikuwa sauti yangu nilipokuwa na miaka ishirini na saba.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, na Lubumbashi yetu iliishi kwa shaba. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa asili ya Maniema, Mwislamu asiyekosa swala hata moja, lakini alinipeleka kwa masista nikasome Kifaransa, na majirani wakamshangaa. Kifaransa hicho ndicho kilichonipatia kazi katika kampuni ya serikali iliyochimba shaba. Nilianza kama mpokea simu. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na ulimi wangu mwepesi zaidi, kwa hiyo haukupita muda mrefu wakanifanya shefu wa chumba cha telefone. Wanawake sita, wote chini yangu, na wanne kati yao walinizidi umri.

Wewe hukukuta vitu hivyo, basi nikueleze. Mbele ya kila mpokea simu palikuwa na ubao mkubwa wenye matundu, safu juu ya safu, na juu ya kila tundu taa ndogo. Taa ikiwaka, unachukua waya wenye ncha ya chuma, unachomeka, unauliza mtu anamtaka nani. Akikuambia hospitali, unachukua waya wa pili na kuuchomeka tundu la hospitali. Ukikosea tundu, daktari anajikuta anaongea na karakana. Kazi yote ni hiyo, na inataka mkono usiokosea.

Mama Ngoie ndiye aliyekuwa mkongwe wetu. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na wakubwa wengi walimtambua kwa sauti hata kabla hajataja jina. Kisha akapasuliwa tumbo, akakaa nyumbani miezi mitatu. Aliporudi, alikuta ubao wa zamani umeondolewa na mpya umewekwa, mkubwa zaidi, umetoka Ulaya. Na Mama Ngoie yule niliyemjua hakurudi. Aliyerudi ni mwanamke aliyeacha taa zikiwaka, aliyempeleka mtu wa hospitali stoo, aliyempeleka mtu wa stoo kwa walinzi wa geti. Makosa matano, sita, kila siku.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana sikuficha hata kimoja kwa Mungu na sitakificha kwako. Nilinunua daftari. Kila alipokosea niliandika saa, aliyepiga, alikotaka kwenda na alikopelekwa. Asubuhi, tukishamaliza kuimba mbele ya bendera kama ilivyotakiwa siku hizo, niliwapanga wenzake na kusoma makosa yake ya jana mmoja baada ya mwingine, kwa sauti. Nilidhani aibu itamwamsha. Akazidi kukosea. Nikamhamishia kiti cha mwisho, pembeni, penye mwanga hafifu. Akaanza kushika waya mmoja mara mbili kabla ya kuuchomeka. Wenzake wakaacha kukaa naye wakati wa chakula, kwa kuwa hakuna aliyetaka shefu amwone yuko upande wake.

Siku hizo serikali ilituamuru tuitane ‘sitwayeni’, yaani raia. Siku moja aliniita pembeni, akasema taratibu, “Sitwayeni Shefu, ule ubao mupya…”

Nilimkata maneno. “Ubao ni ule ule kwa wote. Wenzako wanauweza, weye njo unashindwa?”

Akarudi kwenye ubao wake. Hakurudi tena kuniambia kitu. Na mimi nikaandika katika daftari: *hana nia*.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kawaida. Vita ilikuwa imeingia kutoka ng’ambo ya mpaka na kupiga miji ya migodi iliyo magharibi yetu. Lubumbashi haikupigwa, lakini hofu ilihamia katika kila biro. Watu walipungua mazungumzo. Mtu mgeni akiingia, uliangalia viatu vyake kabla ya uso, kwa maana watu wa usalama walijulikana kwa viatu vizuri.

Jumanne ile, kama saa tano asubuhi, mkubwa mmoja wa serikali alipiga kumtafuta direkta wetu. Mama Ngoie akamchomeka kantini. Mkubwa yule hakuuliza anaongea na nani. Alianza moja kwa moja habari za malori ya askari, yatapita njia gani, siku gani, mpaka mpishi wa kantini, maskini, alipopata nafasi ya kupumua akasema, “Mukubwa, unisamehe, miye niko mupishi. Niko napika maharagi.”

Leo naweza kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Dakika kumi baadaye direkta alisimama mlangoni kwetu, mtu mnene asiyezoea kushuka ngazi, uso umemvimba kwa hasira na, sasa najua, kwa woga.

“Nani?” akauliza.

Akatupitia sote kwa macho, akaishia kwangu.

“Sitwayeni Mwamini, nataka ripoti mezani kwangu kabla ya saa sita. Jina na sababu. Kama haina jina, nitaweka lako.”

Nikakaa mbele ya mashine ya kuandikia. Daftari langu lilikuwa kando, limejaa. Niliandika makosa, niliandika maonyo, na nilipofika kwenye sababu vidole vikasimama. Kwa kweli sikujua sababu. Miezi miwili niliandika alichokosea, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Lakini mtu anayeogopa hapendi kuandika “sijui”. Nikaandika: *Mfanyakazi huyu amerudia makosa hayo baada ya kuonywa mara nyingi, na naona anayafanya kwa makusudi.*

Nilipotia sahihi nilijihisi mwepesi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote, ule wepesi.

Saa nane mchana waliingia wanaume wawili. Viatu vyao viling’aa. Hawakupiga kelele, mmoja alitaja jina, mwingine akaenda mpaka kiti cha mwisho na kumvua Mama Ngoie kaske, kile chombo cha kusikilizia, masikioni kwa mikono yake mwenyewe, kama anayemvua mtoto kofia. Taa mbili zilikuwa zinawaka mbele yake. Hakulia. Alinigeukia mimi.

“Mwamini,” akasema, na hakuwa amewahi kuniita jina tupu tangu niwe shefu, “uwaambie. Weye unanijua.”

Nilitazama sakafu. Nilisikia miguu yao ikishuka ngazi, yake ikiburuzika kidogo kwa sababu ya lile tumbo lililopasuliwa, kisha gari. Taa zile mbili ziliendelea kuwaka mpaka mmoja wetu alipoinuka akazijibu.

Alasiri nilikaa mwenyewe kwenye kiti chake, kwa kuwa tulipungukiwa mtu. Ndipo akaingia Baba Kitenge, fundi wetu wa nyaya, mzee aliyetengeneza ubao wa zamani tangu enzi za Wabelgiji. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Hakunisalimia.

“Nani alimufundisha ubao huu?” aliuliza.

“Wenzake.”

“Yupi?”

Nikageuka kuwauliza. Wa kwanza akasema alifikiri ni wa pili. Wa pili akasema yeye alijua shefu mwenyewe atamfundisha. Wa tatu akajishughulisha na waya wake. Wote walikuwa wamefundishwa wiki mbili nzima na yule fundi aliyekuja na ubao, na wiki hizo Mama Ngoie alikuwa kitandani. Siku aliporudi, nikakumbuka, mimi ndiye niliyemwambia, huku nikitembea, “Utaangalia wenzako.” Na ndiyo mafunzo yote aliyopata.

“Leta daftari,” Baba Kitenge akasema.

Nikampa. Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa waya wa shaba, akafungua ukurasa wa katikati.

“Hapa, alitafuta hospitali, akaenda stoo. Kwa ubao wa zamani hospitali ilikuwa wapi?”

Nilifikiri. “Safu ya pili, tundu la tatu.”

“Na kwa huu mupya, safu ya pili, tundu la tatu iko nini?”

Niliangalia. Ilikuwa stoo.

“Huyu alitafuta stoo, akaenda geti. Stoo ya zamani ilikuwa wapi?”

Alinipeleka hivyo kosa kwa kosa. Ubao wa zamani ulipangwa kwa idara. Mpya ulipangwa kwa namba. Direkta alikuwa tundu la mwisho la safu ya kwanza; sasa tundu hilo lilikuwa la kantini. Mikono ya Mama Ngoie haikuwa inakosea hovyo. Ilikuwa inakwenda, kwa usahihi kabisa, mahali ilipozoea kwenda miaka kumi na mmoja. Na alipoogopa ndipo ilipokimbilia huko zaidi.

Baba Kitenge alifunga daftari. “Miezi miwili unaandika,” akasema, “na haukusoma hata siku moja. Uliandika ili umushitaki, njo maana haukuona. Kama ungeandika ili umusaidie, ungeona wiki ya kwanza.”

Nilimwomba aende na mimi kwa direkta. Nilijua kufuta maneno yale ni kuweka shingo yangu mahali pa shingo yake.

“Nitakuja kueleza ubao, kama banataka,” akajibu. “Lakini jina lililo chini ya karatasi iko lako. Utaenda mwenyewe.”

Nikaenda. Direkta alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akauliza, “Kwa hiyo asubuhi uliniandikia uongo?”

“Niliandika nisichokijua, Sitwayeni Direkta.”

“Miye nimekwisha kutuma karatasi. Iko huko. Kama unataka, uifuate.” Kisha, sauti ikashuka: “Lakini ujue, ukiingia mule, sijui kama utatoka.”

Kesho yake asubuhi nilivaa kikwembe changu kizuri, nikamwambia mama yangu pale nyumbani Makomeno kwamba naenda kazini, nikaenda nyumba ya watu wa usalama, ile ambayo watu walivuka barabara ili wasipite karibu nayo. Nilikaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa saba. Watu waliingia mlango ule wa ndani, na nilihesabu waliotoka. Nilipoitwa, ofisa aliweka ripoti yangu mezani na kidole chake juu ya neno moja.

“Makusudi. Neno hili ni lako ao si lako?”

“Ni langu.”

“Ni kweli?”

“Si kweli. Niliogopa nikaliandika.”

“Na leo hauogopi?”

“Naogopa kuliko jana.”

Akaegemea kiti. Nikafungua daftari, nikaomba karatasi, nikachora mbao mbili, ule wa zamani na ule mpya, nikamwonyesha kosa la kwanza, la pili, la tatu. Nilipofika la saba alinizuia kwa mkono. Aliniambia niandike ripoti nyingine palepale. Niliandika: *Mfanyakazi hakufundishwa kifaa kipya. Aliyepaswa kumfundisha ni mimi.* Nikatia sahihi. Hapo sikuhisi wepesi wowote.

Mpishi walikuwa wamemhoji na kumrudisha siku ileile. Mama Ngoie walimtoa siku ya tatu. Walimsimamisha usiku na mchana. Miguu ilimvimba mpaka viatu havikuingia. Niliyasikia hayo kwa mumewe, mlangoni kwake kule Kampemba, nilipokwenda kumwona. Mume hakunikaribisha kiti, na sikumlaumu. Mama Ngoie mwenyewe alikaa nyuma yake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

“Direkta anakubali urudi,” nilimwambia. “Lakini anasema tukikosea tena, tunatoka wote wawili.”

“Weye unakuya kunibembeleza sababu ya kazi yako?”

“Ndiyo,” nikasema. “Na sababu yako pia. Nilikukosea, mama.”

Alikoroga maji kwa kidole cha mguu. “Makosa yangu ulisoma mbele ya bantu,” akasema. “Ya kwako utasoma mbele ya nani?”

Wiki iliyofuata, tulipomaliza kuimba mbele ya bendera, niliwapanga wote kama kawaida na kusoma makosa yangu. Kwamba sikumfundisha. Kwamba alitaka kuniambia nikamkata maneno. Kwamba niliandika jambo nisilolijua. Mama Ngoie alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kukaa, si kiti cha mwisho, bali kile cha katikati, karibu na dirisha. Nikamwachia.

Usidhani mambo yalinyooka siku ileile. Kumwomba mtu msamaha hakumfundishi kazi. Tulikubaliana aje nusu saa kabla ya zamu, na mimi nije pia. Nilifunika ubao kwa kitambaa, nikaacha safu moja tu wazi. Wiki ya kwanza safu ya kwanza, basi. Aliniambia mkono unamtangulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyevumbua dawa: kutaja namba kwa sauti kabla ya kuchomeka. Wenzake walicheka siku ya kwanza, niliwatazama, wakaacha. Jumamosi, siku ya posho kama tulivyoiita, tulikaa naye na daftari lilelile, tukihesabu pamoja. Kutoka makosa sita kwa siku tukafika matatu, tukafika moja, kisha siku zikapita bila hata moja.

Kisha, wiki ya nne, taa tatu ziliwaka kwa mpigo, akaharakisha, na direkta mwenyewe akajikuta anaongea na stoo.

Tulimsikia akishuka ngazi. Mama Ngoie alivua kaske, akaiweka chini, akakunja mikono mapajani. Nilijua anasubiri nini. Nikasimama kati yake na mlango.

“Sitwayeni Direkta,” nikasema kabla hajafungua kinywa, “hilo ni kosa la kwanza kwa siku kumi na moja. Mbele yalikuwa sita kila siku. Tunajua lilivyotokea, na hili hapa daftari.”

Alilichukua. Akageuza kurasa, moja, mbili, akarudi nyuma, akalinganisha. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilimtuliza kidogo. Akanirudishia.

“Taa tatu?” akauliza.

“Taa tatu kwa mara moja.”

“Basi mupange mutu wa kumusaidia wakati wa taa tatu,” akasema, akapanda ngazi zake.

Tulifanya hivyo. Kufikia mwisho wa mvua Mama Ngoie alikuwa hakosei zaidi ya wengine. Hakuwa tena wa kwanza kwa wepesi kama zamani, lakini alikuwa wa kutegemewa, na alipokuja mpokea simu mpya, yeye ndiye aliyemfundisha, safu kwa safu, na kitambaa kile.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minane. Alinisalimia kila asubuhi kwa heshima. Lakini jina langu, lile jina tupu aliloniita siku wanaume wale walipomvua kaske, hakulitamka tena mpaka alipostaafu. Nilikuwa “Sitwayeni Shefu”, basi. Nilingoja sana. Iko vitu mtu anavivunja, na aliyevunjiwa hana deni la kuvirudisha.

Kwa hiyo, mwanangu, huyo mfanyakazi wako anayekuchosha, kabla hujasema neno lolote juu yake, mwite peke yake, funga mlango, umuulize kazi inamshinda wapi, kisha unyamaze. Unyamaze kweli. Kaa karibu naye siku mbili uone mikono yake inafanya nini. Uulize nani alimfundisha, na ukikuta kila mtu anamtaja mwenzake, ujue ni wewe. Andika makosa, ndiyo, lazima uyaandike, lakini yaandike ukiwa na yeye, na mwambiane hasa mnataka kufika wapi na lini. Akipanda kidogo, mwambie. Akiteleza, usimtupe kwa watu wa juu yako ili wewe upone. Na kamwe, mwanangu, usiandike nia ya mtu. Nia huijui. Andika uliyoyaona kwa macho.

Huenda ukafanya yote hayo na bado akawa mtu asiyetaka kazi. Wapo. Mimi mwenyewe baadaye nilimwondoa mmoja, baada ya miezi mitano ya kukaa naye, na aliondoka anajua sababu, na tukikutana sokoni tunasalimiana. Kumwondoa mtu si dhambi. Dhambi ni kumwondoa kwa uvivu wako na kuuita makusudi yake.

Nenda sasa, watu wako wanakungoja. Mungu akupe subira ya kusikiliza mpaka mtu amalize, akupe ujasiri wa kufuta ulichoandika vibaya hata kama wino umekauka, na wale tisa uliokabidhiwa awatunze salama mikononi mwako. Amina, mwanangu. Amina.